MTU NI MWEMA AO MBAYA?



Tumeulizwa mara nyingi, zaidi sana na vijana: mtu ni mwema kwa asili yake, ao ni mbaya? Kuna wanaosema mtoto anazaliwa safi kama maji ya mvua, ni dunia inayomchafua. (Mama mmoja wa kwaya anasema wenye kufundisha hivyo hawajalea mapacha.) Wengine wanasema moyo wa mtu ni shimo lisilo na mwisho. Sisi tunaona pande zote mbili zina kasoro moja: zinasema habari za mtu kana kwamba ni mtu mwingine, wa kabila lingine, wa ng'ambo ya mto.

Basi tuanzie kwenye mto wetu wenyewe. Nyangwe ni hapa hapa Maniema, upande wa juu wa Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871 soko la Nyangwe lilikuwa limejaa, wengi wakiwa wanawake waliokuja na mitumbwi kuuza vyakula. Watu watatu wenye bunduki wakaingia, ukatokea ubishi juu ya bei ya kuku, risasi zikaanza. Wenzao waliokuwa kando ya maji wakawapiga wale waliokimbilia mitumbwi. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, na wengi walizama. Livingstone alikuwa pale akaandika yote, na katika maandiko yake kuna jambo ambalo watu wanalipita haraka. Dugumbe, mkubwa wa wafanyabiashara wale, alituma watu na mtumbwi kuwatoa waliokuwa wakizama. Wakaokoa 21.

Huyu Dugumbe tumweke wapi? Alikuwa mkubwa katika biashara ya pembe na ya watu. Hatumsafishi, watu 21 hawafuti 400. Lakini alipoona wanawake wanazama, kitu fulani ndani yake kilikataa. Kitu hicho hakukinunua sokoni. Tunaamini ni alama ya mikono iliyomfinyanga, na hata maisha yale hayakuifuta.

Miaka 90 baadaye ikawa zamu ya Kindu. Mwezi wa Novemba 1961 Waitalia 13 wa jeshi la anga walitua hapa na ndege mbili, wakiwaletea vitu askari wa Malaya waliokuwa Kindu kwa Umoja wa Mataifa. Hawakuja kupigana. Lakini wakati ule hofu ya Katanga ilikuwa kubwa, na askari wa Kongo wakawadhania kuwa ni Wabelgiji wa Tshombe, waliokodiwa kwa vita. Wakawakamata, wakawapiga, wakawaua wote. Dunia ikalijua jina la mji wetu kwa habari hiyo, na ilisemwa kwamba maiti zilikatwakatwa na kutupwa mtoni. Kumbe mwaka 1962 mabaki yao yakapatikana katika makaburi ya Tokolote. Walikuwa wamezikwa. Katika siku zile za hasira, kuna mtu aliyeshika jembe akachimba.

Waliowaua nao walikuwa na mama zao na watoto wao. Kilichowaongoza ni hofu, ni uvumi, na ni kule kuwa wengi, maana katika kundi kila mmoja anasema ni wenzangu. Aliyechimba hakuwa na kundi la kujificha ndani yake.

Someni tena habari ya Nuhu, pole pole. Katika Mwanzo sura ya 6 Mungu anatazama moyo wa mtu, anaona umejaa mabaya, na kwa sababu hiyo analeta gharika. Katika sura ya 8 maji yamekauka, Nuhu ametoa sadaka, na Mungu anasema tena kwamba moyo wa mtu una mabaya tangu ujana. Lakini safari hii anaahidi kutoangamiza tena. Maji yote yale hayakugeuza moyo. Mungu alichagua kumvumilia mtu kama alivyo, kisha akampa amri na agano, maana aliona kuna mtu wa kuzungumza naye.

Jambo hili si la kusoma tu. Wengi wetu tunakumbuka Kindu kutoka 1998 mpaka 2003: RCD mjini, Mai-Mai porini kuzunguka mji, njaa katikati, na mwenye kwenda shambani kuchuma sombe hakujua kama atarudi. Waliofanya mabaya wakati ule, wa pande zote, wengi wangali hai. Wanaendesha pikipiki, wanauza mafuta ya mawese, wengine wanaketi pamoja nasi. Ndugu mmoja wa namna hiyo ameomba kuwekwa kati ya walinzi wa mlango wa kanisa. Wengine wamekataa, wakisema asili yake inajulikana. Wengine wanasema ni mtu mwema, ilikuwa vita tu.

Hatukubali neno la hawa wala la wale. Kama yeye ni mbaya kwa asili, hakuna la kumuuliza. Nyoka hahukumiwi kwa kuuma. Kama ni mwema tu na kosa ni la vita, napo hakuna la kumuuliza. Sisi tunasema wema umo ndani yake, na kwa sababu umo, ana deni. Alijua, kama Dugumbe alivyojua.

Kati yetu kuna mama ambaye mwanawe hakurudi kutoka shambani, na ndugu huyu amekiri mbele ya wazee kwamba alikuwa katika kundi lililokamata watu kwenye njia ile. Kwa hiyo hatapewa mlango kwanza. Atakwenda na wazee wawili kwa mama huyo na kusema aliyoyafanya yeye, bila kusema "vita". Mama hakukataa. Ameomba tumwache mpaka mpunga uvunwe, na tunamngoja.