Kucha za Mbwa Mzee

Je, mtu ana haki ya kumlazimisha kiumbe asiyeweza kusema, kwa hoja kwamba ni kwa faida yake? Swali hili tulilijadili sana na wanachuo wa ualimu tulipofikia mada ya nidhamu. Sasa nimestaafu, na limenifuata hadi uani kwangu Ng'ambo, mkasi na tupa mkononi, mguu wa Simba magotini.

Simba amezeeka. Zamani alipozurura usiku kucha, ardhi ndiyo iliyomsaga kucha. Siku hizi hulala chini ya mwembe mchana kutwa, nazo hurefuka tu. Akipita kwenye sakafu ya saruji zinagonga: ta, ta, ta. Kucha ndefu husukuma vidole juu, mbwa akabadili ukanyagaji, na viungo vilivyochoka vikaongezewa mzigo. Ile ya ndani ya mguu, isiyogusa ardhi kabisa, huweza kujikunja hata ikachoma nyama.

Jirani yangu kijana aliniuliza: "Shikamoo Mwalimu. Mbwa hata kubweka habweki tena, kucha za nini?" Hakuuliza kwa ukatili. Mtaani kwetu mbwa hufugwa kwa ulinzi, na mlinzi asiyelinda hesabu yake imefungwa. Lakini kucha haipunguzi maumivu kwa kuwa mwenyewe amestaafu. (Nami pensheni yangu nisingependa ipimwe kwa kubweka.)

Asiye na kauli huumizwa zaidi na kusahauliwa kuliko kuchukiwa. David Livingstone, aliyekaa Kwihara hapa karibu mwaka 1872, alikuwa na kijibwa aitwaye Chitane. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, msafara wake ulivuka kinamasi kipana, maji ya kiunoni. Yeye alitangulia, akasahau kuagiza mbwa abebwe. Wengine walishughulika wasianguke. Chitane aliogelea hadi akafa. Hakuna aliyemtakia mabaya.

Hata hivyo, kukumbuka hakunipi ruhusa ya kufanya nipendavyo. Ndani ya kucha mna nyama hai yenye damu na mishipa ya fahamu. Kucha ikirefuka, nayo hurefuka. Na kwa kuwa kucha za Simba ni nyeusi, haionekani. Basi nakata kipande chembamba, natazama. Doa jeusi likitokea katikati ya mkato, nasimama. Unga wa ngano uko kando, wa kuzuia damu. Akivuta mguu mara moja, namtuliza na kuendelea. Akivuta tena akitetemeka, namwachia. Mguu mmoja kwa jioni moja unatosha, na nikikata kidogo kidogo kila wiki, nyama ile hurudi nyuma yenyewe.

Wapo wasemao ni kumdekeza. Wanaume wawili wangemkaba, kazi ikaisha kwa dakika tano. Ingekwisha, kweli. Lakini ile kauli ya "kwa faida yako" walimu tunaijua, na aghalabu anayefaidika ni mwenye haraka. Mimi sina haraka. Mguu wa nyuma wa kushoto bado una kucha mbili ndefu.