HUKUCHAGULIWA? BADO NI SAA KUMI NA MOJA!

Kijana mwenzangu! Usiitupe karatasi hii. Isome mpaka mwisho, haikudai hata senti.

Je, umewahi kuachwa? Majina yamebandikwa ukutani, umeyasoma toka juu mpaka chini, lako halimo. Au umeamka alfajiri, ukatembea kutoka Kipawa mpaka geti la kiwanda Barabara ya Nyerere. Mmesimama vijana wengi, msimamizi ananyoosha kidole: wewe, wewe na wewe. Geti likafungwa. Umerudi kijiweni, ndege zinapita juu ya kichwa chako zimebeba watu wenye safari zao, na wewe nauli ya daladala huna. Moyoni unasema, "Mimi sina bahati."

Sikiliza habari hii. Marekani wana mpira wao, siyo huu wetu wa Simba na Yanga. Ule unashikwa kwa mikono, watu wanavaa kofia ngumu na kugongana kama mafahali. Kila mwaka timu 32 zinakaa na kuchagua vijana, mmoja mmoja. Mwaka 2013 walichaguliwa 254. Daniel Adongo, kijana wa Nairobi, hakuwamo. Na angekuwamo vipi? Yeye alikuwa mchezaji wa raga, aliicheza Afrika Kusini na New Zealand. Mpira wa Kimarekani hakuwa ameucheza hata siku moja!

Lakini Julai mwaka huohuo timu ya Indianapolis Colts ilimpa mkataba. Wakamweka nafasi ya lainbeka, yaani mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele, kazi yake kumkimbilia mwenye mpira na kumwangusha. Tarehe 8 Desemba 2013 akaingia uwanjani kule Cincinnati, Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ile.

Utasema, "Kumbe na mimi siku yangu itafika!" Ngoja kwanza. Sikuandika ili nikudanganye. Wale walimtaka kwa sababu ya mwili mkubwa, nguvu na mbio. Siyo kosa lao, ndiyo kazi yao. Alicheza michezo michache, na mwaka 2015 timu ikamwacha. Ndivyo dunia ilivyo. Ikikuchagua, imechagua misuli yako, au cheti chako, au sura yako. Kikiisha kile ilichokitaka, na wewe umekwisha kazi. Kwa hiyo hata aliyechaguliwa na watu bado anahitaji kuchaguliwa na Mmoja asiyeacha mtu.

YUKO BWANA ANAYERUDI SOKONI

Yesu alisimulia habari ya mwenye shamba la mizabibu (Mathayo 20:1-16). Alfajiri alitoka kutafuta vibarua, wakapatana dinari moja kwa siku. Akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa. Saa kumi na moja akatoka tena! Ni saa kumi na moja hii hii yetu ya jioni, jua linashuka na watu wanarudi makwao. Akakuta watu wamesimama tu. Akawauliza mbona wameshinda bure. Wakajibu kwamba hakuna mtu aliyewapa kazi.

Fikiri, kijana. Saa kumi na moja sokoni wanabaki nani? Wenye nguvu bila shaka walichukuliwa asubuhi. Lakini Bwana yule hakuwapima vifua, wala hakuomba cheti. Akawapeleka shambani, na jioni akawalipa dinari ileile! Malipo yale hayakutoka katika jasho lao, yalitoka katika wema wake. Huo ndio wokovu. Yesu hakukungoja umfikie. Alishuka mwenyewe kukutafuta, akafa msalabani kwa ajili ya dhambi zako, akafufuka.

Sikuahidi kwamba ukiokoka leo, kesho geti la kiwanda litafunguka. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, na cheti changu hakijabadilika. Lakini sijihesabu tena kuwa mtu aliyebaki. Nina Bwana, na nina kazi yake.

Angalia pia: Shetani naye anachagua vibarua, na yeye hana geti! Anapita kijiweni na gongo, na bangi, na mpango wa usiku. Malipo yake unayajua. Wenzako wangapi umeshawazika?

Ndugu yangu, mtaa wako unaitwa Kipawa. Kipawa ni zawadi, na zawadi hainunuliwi, hupokelewa tu (Waefeso 2:8). Baada ya saa kumi na moja inakuja saa kumi na mbili, na giza haligongi hodi. Amua leo! Hapo ulipo, sema na Mungu hivi:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Watu hawakuniona, wewe umeniona. Nisamehe, nioshe kwa damu yako. Ninamkataa Shetani na kazi zake. Niandike jina langu katika kitabu cha uzima. Tangu leo mimi ni wako. Amina."

Kama umesali kwa moyo wako wote, umeokoka! Jumapili hii ingia kanisa la waliookoka lililo karibu nawe, uwaambie. Usingoje nguo nzuri, njoo na hiyohiyo uliyovaa. Mungu akubariki.