Akiba na Ihtikari: Suala la Haki Wakati wa Uhaba wa Fataki na Baruti

Miongoni mwa masuala ya kale katika falsafa ya maadili na katika fiqhi ni lile la mpaka kati ya akiba, ambayo watu wote huisifu, na ihtikari, yaani kuzuia bidhaa wakati wa uhaba ili bei ipande, ambayo wanazuoni wa Kiislamu na wa Kikristo wameikemea kwa karne nyingi. Kwa kawaida suala hili hujadiliwa kwa mifano ya nafaka na mafuta, bidhaa ambazo kila nyumba inazihitaji. Lakini katika miaka ya karibuni limezuka Marekani mahali pasipotarajiwa, miongoni mwa wawindaji na walenga shabaha ambao hujijazia risasi wenyewe nyumbani. Namna lilivyozuka huko inaonyesha jambo ambalo mifano ya nafaka haikulidhihirisha vya kutosha, kwamba uhaba unaweza kukuzwa na maelfu ya watu wasio na nia mbaya kuliko unavyokuzwa na walanguzi wachache.

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba, kichwa, ambacho ndicho kinachoruka, baruti isiyo na moshi, na fataki, kikombe chembamba cha madini chenye upana wa milimita 5 hivi, kinachopachikwa kwenye kitako cha ganda na kubeba kemikali inayolipuka inapogongwa na pini ya bunduki. Ganda hutumika tena na tena: huokotwa, husafishwa, hubanwa kwenye mashine ya mkono ili lirudie umbo lake, fataki iliyokwisha kupigwa husukumwa nje na mpya kupachikwa, baruti hupimwa kwa mizani na kumiminwa, kisha kichwa hukandamizwa mdomoni mwa ganda. Kichwa nacho kinaweza kutengenezwa nyumbani kwa kuyeyusha madini ya risasi na kuyamimina katika kalibu. Baruti na fataki, kinyume chake, ni kazi ya kiwanda chenye kemia ya hatari, na anayezikosa hana njia salama ya kujitengenezea. Kwa hiyo mtu aliyejifunza ufundi huu ili ajitegemee hujikuta, katika vitu viwili kati ya vinne, akitegemea soko kabisa.

Mwaka 2020 soko hilo lilivurugika. Hofu ya ugonjwa wa Uviko-19, ghasia za mitaani na uchaguzi wa rais vilisukuma watu wengi kununua bunduki, hata ukaguzi wa rekodi za wanunuzi unaosimamiwa na Shirika la Upelelezi la FBI ukapanda kutoka takriban milioni 28.4 mwaka 2019 hadi takriban milioni 39.7 mwaka 2020. Julai mwaka huo kampuni ya Remington iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika, na biashara yake ya risasi, pamoja na kiwanda cha Lonoke katika jimbo la Arkansas, ikanunuliwa na Vista Outdoor, iliyokuwa tayari ikimiliki CCI na Federal. Majina matatu kati ya manne makubwa ya fataki nchini humo yakawa mikononi mwa mmiliki mmoja, na la nne, Winchester, likiwa chini ya kampuni ya Olin. Viwanda vilipendelea kupeleka fataki kwenye risasi zao kamili kabla ya kuziuza zikiwa peke yake, na sanduku la fataki 1,000, ambalo awali lilipatikana kwa dola 30 hadi 40 hivi, likawa likibadilishana mikono kati ya watu binafsi kwa dola 100 na zaidi. Hali kama hiyo ilikwisha kuonekana mwaka 2013, baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook ya Desemba 2012 kuzua hofu ya sheria mpya za silaha, na kumbukumbu ya mwaka huo iliwafanya wengi wakimbilie madukani mapema zaidi safari hii.

Ni nani, basi, aliyetenda dhuluma? Fiqhi ina jibu lenye mapana zaidi kuliko linavyodhaniwa. Katika hadithi iliyopokewa na Ma'mar bin Abdillah, iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume Muhammad anamhesabu mwenye kufanya ihtikari kuwa mkosaji. Lakini katika mapokezi hayohayo mpokezi Said bin al-Musayyib anaulizwa mbona yeye mwenyewe huweka bidhaa, naye anajibu kuwa hata Ma'mar alikuwa akiweka. Wanazuoni walieleza kwamba wawili hao walikuwa wakiweka mafuta, si chakula cha lazima wakati wa shida, na kutokana na tofauti hiyo madhehebu yakaachana njia. Imam Nawawi, ambaye kauli zake zina uzito mkubwa katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, anaihusisha haramu ya ihtikari na chakula peke yake. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, anaipanua hadi kitu chochote ambacho kuzuiwa kwake kunawadhuru watu, na Malik anaelekea upande huohuo.

Kwa kipimo cha Nawawi, anayenunua fataki zote za duka asubuhi na kuziuza jioni kwa bei mara tatu hajafanya ihtikari kwa maana ya kisheria, kwa kuwa fataki haziliwi. Kwa kipimo cha Abu Yusuf, amefanya. Kauli ya Abu Yusuf ina nguvu zaidi hapa, kwa sababu iliyokusudiwa na katazo ni kuondoa madhara, na madhara hayachagui tumbo. Mwindaji wa Montana anayetegemea nyama ya paa kwa majira ya baridi, na ambaye bunduki yake ya zamani hutumia aina ya risasi ambayo viwanda vimeacha kuitengeneza wakati wa msukosuko, amezuiliwa chakula chake sawasawa na aliyefichiwa unga, ingawa njia ni ndefu zaidi. Ni kweli kwamba wengi wa wajazaji risasi hawamo katika hali hiyo. Wao hulenga shabaha kwa kujifurahisha au kwa mashindano, na wanazuoni wa usuli, Ghazali akiwa mmoja wa waliotangulia kulipanga jambo hili, hutenganisha dharura ambazo maisha hayaendi bila ya hizo, mahitaji ambayo bila ya hayo maisha huwa na tabu, na mapambo ambayo huyaongezea maisha uzuri tu. Mlenga shabaha anayekosa fataki amepungukiwa na pambo, na malalamiko yake, hata yakiwa ya haki, hayana budi kusubiri nyuma ya malalamiko ya mwindaji.

Hata hivyo mlanguzi ndiye sehemu nyepesi ya suala hili, kwa kuwa kila mtu yuko tayari kumlaumu. Sehemu nzito ni yule aliyenunua kwa ajili yake mwenyewe. Tuseme mtu anatumia fataki 2,000 kwa mwaka na amekuwa akizinunua kidogo kidogo. Anasikia kwamba zimeanza kuadimika, anahofu, anachukua 10,000, anazifungia kabatini, na hana nia ya kuuza hata moja. Hajadanganya, hajapandisha bei, hajachuma faida. Lakini kiwanda hutoa idadi inayokaribia kuwa ileile mwezi hadi mwezi, na mtambo mpya wa fataki haujengwi kwa siku chache. Kwa hiyo watu laki moja wakifanya kama yeye katika muda uleule, rafu zitakuwa tupu kwa miezi mingi, na atakayeingia dukani mwisho, ambaye mara nyingi ni kijana anayeanza au mzee wa kipato kidogo asiyeweza kununua kwa wingi, atawakuta walanguzi wakimngoja. Hofu ya mnunuzi wa kwanza imekuwa mtaji wa mlanguzi.

Mwanafalsafa anayehukumu kwa nia peke yake hatapata kosa hapa. Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, anasema muuzaji hana haki ya kupandisha bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida kubwa, ila anaweza kufidia hasara ambayo yeye mwenyewe anaipata kwa kuachana na mali yake; na kuhusu mfanyabiashara anayefikisha ngano mahali penye njaa huku akijua kwamba wengine wako njiani, anasema halazimiki kulitangaza hilo, ingawa akilitangaza au akipunguza bei atakuwa na fadhila kubwa zaidi. Hoja hizi zinamgusa muuzaji. Mnunuzi mwenye hofu zinampita kando.

Anayemkabili mnunuzi huyo uso kwa uso ni Nawawi, katika maelezo yake juu ya hadithi inayosimulia kwamba Mtume aliwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka mzima. Akifuata maelezo ya Kadhi Iyadh, anatofautisha baina ya anayeweka mazao ya shamba lake, ambaye hana lawama, na anayenunua sokoni ili kuweka. Huyu wa pili, wakati wa wasaa, anaweza kununua chakula cha mwaka na zaidi. Wakati wa dhiki haifai, bali anunue kiasi kisichowabana wengine, kama cha siku kadhaa au mwezi mmoja. Nia ya watu hawa ni moja na kabati ni lilelile; kinachobadili hukumu ni hali ya soko siku ya kununua. Hapa ndipo mpaka kati ya akiba na ihtikari unapopatikana, na hakuna sababu ya kuuzuilia kwenye nafaka. Aliyenunua fataki 10,000 mwaka 2019, rafu zikiwa zimejaa, alikuwa mwenye busara, na baadaye alilipunguzia soko mzigo kwa kutokwenda dukani. Aliyenunua idadi hiyohiyo mwaka 2021 aliwachukulia wenzake haki yao, hata kama fataki zote zimo kabatini mwake hadi leo.

Idadi hiyo ya 10,000 haikutajwa hapa kwa kubahatisha, kwa kuwa kanuni za usalama za Chama cha Kitaifa cha Kuzuia Moto cha Marekani huifanya kuwa ukomo wa fataki katika makazi, na kuweka ratili 20 za baruti, kama kilo 9, kuwa kiasi kinachoweza kukaa nyumbani katika makopo yake ya asili. Ni kanuni za moto, si za maadili, ila zinakumbusha kuwa mwenye kulimbikiza huwahatarisha pia majirani na wazimamoto watakaoingia nyumba isiyowaonya.

Kuikabili dhiki kwa njia ya haki, basi, huanza kwa kupunguza haja kabla ya kuongeza akiba. Gramu 454 za baruti, yaani ratili moja, hujaza risasi 140 hivi za bunduki kubwa ya aina ya .30-06, lakini hujaza takriban 1,400 za bastola ya milimita 9. Mlenga shabaha anayefanya mazoezi kwa kichwa chepesi na kipimo kidogo kilichomo katika vitabu vya wajazaji, au kwa bunduki ya upepo, au kwa kuvuta kifyatulio bila risasi, anaendelea kujifunza bila kumnyima mwingine. Wanachama wa klabu wanaoagiza pamoja hugawana ada ya kusafirisha vitu vya hatari, ambayo kwa mtu mmoja inaweza kulingana na bei ya kopo lenyewe, na maduka yaliyoshikilia bei ya kawaida na kumpa kila mteja sanduku moja yalitenda wema unaostahili kutajwa. Kisichofaa kamwe ni kuchanganya baruti zisizojulikana au kubadilisha aina ya fataki bila kupunguza kipimo na kuanza upya, kwa kuwa bunduki ikipasuka humdhuru pia aliyesimama kando.

Tangu mwaka 2022 suala limechukua uzito mpya. Baruti hutokana na nitroselulosi, ambayo hupatikana kwa kutia asidi ya nitriki kwenye nyuzi fupi zinazobaki katika mbegu za pamba, na vita vya Ukraine vimeielekeza malighafi hiyo kwenye mizinga. Mwaka 2024 uuzaji wa baadhi ya baruti kwa wajazaji wa nyumbani ulisimamishwa. Ibn Taymiyya, aliyeandika mjini Damascus wakati wa hofu ya Wamongolia, alisema watu wakihitaji silaha za kujihami, wenye nazo wawajibike kuziuza kwa thamani ya haki. Kwa hukumu hiyo mlenga shabaha hana hoja dhidi ya anayelinda mji wake, na ni halali kopo lake lichelewe. Lakini hukumu hiyohiyo inawadai wenye makabati yaliyojaa tangu 2021: ziada inayozidi matumizi ya mwaka itolewe na kuuzwa kwa bei iliyonunuliwa, na wa kwanza kupewa awe mwindaji anayelisha familia na kijana ambaye bado hajapata sanduku lake la kwanza.