Chelehani ya Mbagara

Kwa miaka 22 ugali wangu ulitokana na makosa ya watu wengine. Nilikuwa msahihishaji wa prufu katika chumba cha habari, kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayekujua, na ukiikosea unajulikana nchi nzima kabla ya saa nne asubuhi. Kalamu nyekundu, chai ya rangi, na kurasa zilizojaa "mala kwa mala", "asubui na mapema", "wanainchi". Nilikuwa nayakuta, nayazungushia duara, nayafuta. Nyumbani nako sikuacha. Wanangu waliwahi kunirudishia barua ya kuomba ruhusa shuleni kwa sababu niliisahihisha badala ya kuisaini.

Siku hizi kalamu nyekundu nimeiweka, nimebaki na safu hii. Na alfajiri, kabla muuza maziwa hajapita, nakaa barazani na simu nikiandika makosa kwa makusudi. Naandika "fliji". Naandika "labtop". Naandika "kabati ra nguo". Mke wangu aliponikuta mara ya kwanza alidhani macho yamekwisha.

"Friji ni r, baba," akasema.

"Najua."

"Sasa?"

Sasa ni hivi. Mashine ya kutafuta matangazo, kwa asili yake, ni karani mtiifu asiye na akili: ukimwambia "friji" anakuletea kila tangazo lenye f, r, i, j, i, kwa mpangilio huohuo. Aliyeandika "fliji" amefichika. Friji lake linaweza kuwa zima, la ukubwa unaoutaka, tena mtaa wa pili kutoka kwako, lakini wanaotafuta hawalioni. Simu yake haiiti. Baada ya wiki anapunguza bei, baada ya wiki nyingine anapunguza tena, na hapo ndipo anapotokea mtu kama mimi, anayejua kukosea.

Ujanja huu si wa kwetu. Ulizaliwa kwenye minada ya mtandaoni ya Marekani. eBay ilianzishwa mwaka 1995 na Pierre Omidyar huko California, na kitu cha kwanza kuuzwa, kwa maelezo yake mwenyewe, kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyoharibika, ikaenda kwa dola 14.83. Tangu mwanzo, basi, ilikuwa sehemu ya watu wenye kutafuta visivyotafutwa. Mnadani bei haipandishwi na kitu, inapandishwa na watu wawili wanaokitaka kwa wakati mmoja. Ondoa mmoja kwa kukosea herufi, aliyebaki anachukua kwa bei ya kuanzia. Kufikia Januari 2004 gazeti la New York Times lilikuwa limeandika habari nzima kuhusu watu wanaojipatia fedha kwa kununua vitu vilivyokosewa majina na kuviuza upya kwa majina sahihi.

Kisa kinachopendwa zaidi ni cha chupa ya bia. Mwaka 1852 kiwanda cha Allsopp huko Uingereza kilitengeneza bia kali kwa ajili ya msafara wa Sir Edward Belcher, uliokwenda kaskazini kwenye barafu kumtafuta mpelelezi Franklin aliyepotea na meli zake. Mwaka 2007 chupa moja ya bia hiyo ikaingia mnadani. Muuzaji aliandika Allsopp kwa p moja. Ikauzwa dola 304. Mnunuzi akairudisha mnadani na p zake mbili, na zabuni zikapanda hadi dola 503,300. Wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, wanameza mate. Hawasemi kwamba zabuni ile ilikuwa ya mzaha na fedha hazikulipwa. Mimi huwa nasimulia mpaka mwisho, labda kwa sababu ya kazi niliyofanya.

Lakini Mmarekani hukosea kwa sababu tahajia ya lugha yake haifuati matamshi. Sisi Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo makosa yetu si ya vidole, ni ya ndimi. Anayeandika "abari" ametoka mahali ambapo h haikai mdomoni. Anayeandika "zahabu" hana dh katika lugha aliyonyonya. Na kuna kosa moja ambalo nililipiga vita miaka yote nikashindwa, nikaishia kulipenda. Samani ni meza, viti na makabati. Thamani ni kile ambacho vitu hivyo vinastahili. Zunguka mji huu uhesabu mabango ya maseremala yaliyoandikwa THAMANI ZA NDANI. Ukitafuta kochi lililotumika, anza na "thamani".

Mimi mwenyewe ni Msukuma, mzaliwa wa Kishapu. Kisukuma hakina r. Nilipokuwa darasa la tatu mwalimu alinichapa fimbo nne kwa sababu ya "balabala", na nilipohama kutoka l kwenda r nilihama kwa kishindo, nikaanza kuita Mbagala "Mbagara", kama wanavyofanya wote waliokwisha kuchekwa. Mtu aliyeaibishwa na l huipa r hata mahali isipostahili. Hilo hakuna karani wa mashine anayelijua. Wapo wanahisabati waliolitafutia njia. Mwaka 1965 Mrusi mmoja, Vladimir Levenshtein, aliweka kanuni ya kupima umbali kati ya maneno mawili kwa kuhesabu herufi zinazoongezwa, kutolewa au kubadilishwa, na ni kwa vipimo vya namna hiyo kwamba simu inakuuliza siku hizi kama hukuwa na maana ya neno jingine. Lakini mashine hizo zimelishwa Kiingereza mpaka zimevimbiwa. Kiswahili zinakilamba tu. Simu yangu ikiona "bei" inanirekebishia iwe "being".

Niseme na hili, kwa wanaotaka kunifuata. Kosa likiwa kwenye tangazo, ni la binadamu. Likiwa kwenye bidhaa yenyewe, ni la kiwanda, kimbia. Anayeuza viatu halisi akaviita "adidasi" ni mama wa watu anayehama nyumba. Kiatu chenyewe kikiwa kimeandikwa "Abibas", umefika kwingine. Na usitume hela kabla hujaona kitu kwa macho, hata tangazo liwe na makosa ya kutia huruma namna gani. Matapeli nao wamejifunza kukosea.

Sasa nije kwa lililonifanya niandike wiki hii.

Mpwa wangu amemaliza ushonaji VETA na anahitaji cherehani. Dukani niliambiwa laki tatu na nusu, nikaaga kwa adabu. Alfajiri moja nikaandika "cherehani" kwenye simu, zikamiminika, zote za madalali. Nikaandika "chelehani". Zikaja tatu. Moja ilisema hivi, bila nukta wala mkato: "Nauza chelehani ya singa ya mguu bado nzima kabisa laki na ishilini maongezi yapo nipo mbagara."

Nilisoma "mbagara" nikajua nakwenda kwa ndugu.

Nilishuka Rangi Tatu, nikaelekezwa kwa bodaboda hadi nyumba yenye mlango wa bati la kijani. Mwanamke wa rika langu alikuwa anachambua mchele.

"Mwangaluka, dada," nikasema.

Akainua uso. "Mwangaluka. Wewe wa wapi?"

"Kishapu."

"Mi Maswa." Akauweka ungo chini. "Ingia, kaka. Umefuata chelehani."

Ilikuwa chini ya dirisha, imefunikwa kanga. Chuma cheusi, gurudumu, mkanda wa ngozi uliounganishwa kwa waya. Maua ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamefutika sehemu moja tu, upande wa kushoto wa sindano, pale kiganja kinapokaa kusukuma kitambaa. Kwenye kanyagio la chuma, upande wa kulia umelainika zaidi kuliko wa kushoto. Akavuta kijidroo: bobini tisa, sindano zimefungwa kwenye karatasi ya daftari, na kifungo kimoja kikubwa cha koti ambacho alikitazama kidogo akakirudisha. Alichukua kipande cha kitenge, akakaa, akakanyaga. Mshono ukatoka umenyooka, ingawa yeye mwenyewe alikuwa haangalii. Alikuwa ananitazama mimi.

"Macho," akasema. "Kutunga uzi siwezi tena. Nikimwita mjukuu kila mara, naye ana masomo yake."

Tangazo aliliandika mjukuu, yeye akitaja neno kwa neno. Mtoto aliandika alivyosikia. Alianza na laki na themanini. Wiki ya kwanza hakupiga mtu, wakashusha laki na nusu. Wiki ya pili kimya, wakashusha laki na ishirini. Akanimiminia chai, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za msiba:

"Kwani, kaka, watu siku hizi hawashoni?"

Nikanywa chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi. Nilijua jibu la swali lake kuliko mtu yeyote Dar es Salaam nzima, na sikulisema. Nikasema, "Laki, dada." Ni mazoea, tangazo lilisema maongezi yapo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya. Kwa vile ni wa nyumbani."

Toyo iliibeba hadi Tabata. Mpwa wangu aliruka. Akaifuta, akagundua namba ya modeli inayoishia na K, na nikamwambia, kwa majivuno ya mtu aliyesoma vitu vingi visivyo na faida, kwamba K ni ya Kilbowie, kwenye mji wa Clydebank huko Uskochi, palipokuwa na kiwanda kikubwa cha Singer hadi kilipofungwa mwaka 1980. Maana yake mashine ina miaka zaidi ya 40. Na neno lenyewe cherehani, nikaendelea, linahusishwa na charkh ya Kiajemi, yaani gurudumu. Watu wa pwani walilipokea wakalitamka walivyoweza, na mpaka leo wapo wanaosema cherahani na wanaosema charahani. Mpwa akauliza, "Kwa hiyo na cherehani ni kosa?" Nikamwambia akatafute uzi.

Jioni barazani nikawaeleza wenzangu. Mmoja akasema sina kosa: bei kaitaja mwenyewe, sikumdanganya, na nauli nimelipa. Mzee mwingine, msomi wa dini, akaleta kisa cha Jarir bin Abdullah, sahaba wa Mtume. Inasimuliwa kwamba alinunuliwa farasi kwa dirham 300, akamwona farasi ana thamani zaidi, akamfuata muuzaji akawa anampandishia bei yeye mwenyewe mnunuzi, mia baada ya mia, hadi 800. Nikasema kimoyomoyo kwamba Jarir hakuwa anaishi kwa kiinua mgongo.

Lakini lililonikaa si bei. Mfanyabiashara kujua bei ya soko kuliko mwenzake ndiyo kazi yake, na mwanamke yule bei za cherehani anazijua kunishinda. Mimi nilijua kitu kingine. Nilijua kwa nini simu yake haiiti. Na nilijua si kwa elimu. Nilijua kwa sababu l ile ni ya mama yangu, ile niliyochapiwa, ambayo nikaja kulipwa mshahara kwa kuifuta kwenye maandishi ya wenzangu. Nilikuwa nimeitumia kama ufunguo bandia, kuingilia nyumbani kwetu.

Siku ya tatu nikamtumia elfu arobaini kwa simu. Zilikuwa ndizo zilizokuwepo, sijifanyi Jarir. Ujumbe ukarudi: "Asante sana kaka yangu mungu akubaliki." Kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye ile l, nikakizuia.

Kisha nikampigia, nikamweleza. Kwamba ni ile herufi. Kwamba watu wanashona sana, ila walikuwa wanamtafuta kwa r. Akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa wewe uliniona vipi?"

Nikamwambia nilikosea kuandika.

Alikuwa na kabati pia, la mninga, la milango miwili. Nikajitolea kumwandikia tangazo. Niliandika kama ninavyoandika safu hii, kila r mahali pake, kila nukta, "samani" kwa s. Likapanda saa kumi na mbili jioni. Kesho yake saa moja asubuhi akanipigia, na nyuma yake nikasikia simu ya mjukuu nayo inaita.

"Kaka, hawa watu kumi na nne tangu jana, wote madalali. Hata salamu hawana, wanauliza bei ya mwisho tu. Mmoja kaniita 'boss'." Akashusha pumzi. "Liondoe hilo lako. Niandikie kama lile la kwanza."