Bahasha ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani mmoja wa Makole, Dodoma, alizoea kujifunga kanga kwa nguvu chini ya kitovu siku zake zikikaribia, kisha akaendelea na kazi. Ni kisa cha mfano, lakini wenzake wako kila mtaa. Nyonga zilimuuma mpaka akatapika, na hedhi haikuwa na mpango: mwezi huu mara mbili, miezi miwili kimya. Shangazi yake akasema ni chango, akizaa litaisha. Jirani akasema kizazi kichafu, akamuuzia unga wa kukisafisha. Pale duka la dawa hapakuwa na maelezo mengi: “UTI sugu hiyo, dada.” Akapewa dozi. Mara nyingine dozi kali zaidi, halafu sindano za siku tano.

Naye aliamini dawa inafanya kazi, kwa sababu baada ya siku nne tano maumivu yalikata. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Hedhi ikiisha, maumivu hupungua yenyewe, sifa ikachukuliwa na kidonge.

Akahangaika hivyo miaka sita. Alipopigwa ultrasaundi akaambiwa hana kitu, akarudi nyumbani akidhani amerogwa.

Aliyemsaidia ni daktari aliyemwomba vyeti vyake vyote vya zamani. Akaleta bahasha ya kaki iliyojaa karatasi za zahanati na za maabara, nyingine zimefifia wino. Daktari akazipanga mezani kwa tarehe, kisha akamuuliza kila mara hedhi ilianza lini. Karibu kila “UTI” ilikuwa imeangukia siku mbili kabla ya hedhi, au katikati yake. Na mkojo wake haukuwahi kuoteshwa hata mara moja ili kuthibitisha kama kweli kuna vijidudu. Jibu lilikuwamo kwenye bahasha siku zote, hakuna aliyelisoma.

Akapewa rufaa kwa daktari bingwa wa wanawake. Kamera ndogo ilipopitishwa kwenye tundu la kitovuni ikaonekana endometriosisi: tishu zinazofanana na utando wa ndani ya kizazi, zimemea nje yake. Ovari ya kushoto ilikuwa imegandana na utumbo, ikabidi itolewe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unampata takriban mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, ameusema hadharani: alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara kumi kabla ya kupata mtoto mwaka 2017. Mtangazaji wa Kenya, Njambi Koikai, ulimwingia kifuani, pafu likawa linasinyaa akiwa kwenye hedhi. Alifariki tarehe 3 Juni 2024, akiwa na miaka 38.

Si kila maumivu ya nyonga ni endometriosisi, na anayekuhakikishia hivyo bila kukupima naye anabahatisha kama yule wa dukani. Inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, homoni zilizovurugika, maambukizi ya zinaa yaliyopanda kwenye mirija, hata kichocho kwa aliyekulia kando ya maji yenye konokono wake. Kila kimoja kina dawa yake. Ndiyo maana dozi ya kukisia ni hasara mara mbili: ugonjwa unabaki, na vijidudu vinajifunza usugu.

Basi dada, andika tarehe hedhi inapoanza na inapoisha, na siku unazoumwa. Beba vyeti vyote, hata vya zahanati. Ukiambiwa ultrasaundi ni safi na bado unaumwa, omba rufaa. Picha safi haiondoi endometriosisi. Lakini hedhi ikichelewa, kisha tumbo likakushika ghafla upande mmoja na kizunguzungu juu, usihesabu tarehe yoyote. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Nenda hospitali usiku huohuo.