Lupango Langu: Je, Nifanye Nipendavyo?

Katika mitaa ya Kapata, karibu na mji wa Kolwezi, kuna neno moja linalosikika watu wanapogombana juu ya ua, mfereji au takataka. Neno lenyewe ni hili: "Lupango ni langu, nifanye nipendavyo." Kwa wasomaji wa nchi nyingine, lupango ni kiwanja cha mtu pamoja na nyumba na ua wake. Anayelisema neno hilo huona amekwisha kumaliza shauri. Walakini tukilitazama vizuri, shauri halijaisha. Ndiyo kwanza limeanza. Basi leo tuulizane: mtu akiwa na nyumba yake mwenyewe, je, ana haki ya kufanya lo lote ndani yake?

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi nyumba hizo zilivyopatikana. Kapata ilijengwa kuwa makao ya wafanya kazi wa migodi. Tangu mwaka 1906 migodi ya shaba ya Katanga ilikuwa mikononi mwa Union Minière. Tangu 1967 ilishikwa na kampuni ya serikali, ile iliyokuja kuitwa Gécamines. Kampuni ilitoa nyumba, unga, dawa na masomo ya watoto. Bati likipasuka, fundi wa kampuni alikuja. Bomba likivuja, mtu alitumwa. Watu wakazoea kusema kwamba kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Hata leo wazee wengi wanazikumbuka siku zile kwa uchungu.

Lakini tusisahau upande wa pili. Nyumba ilifuata kazi. Aliyepoteza kazi alijua kwamba na nyumba itamponyoka. Mume akifa, mjane alihesabu siku zake za kukaa pale. Mtu aliweza kulala chini ya paa moja miaka 20, na bado asiwe na ruhusa ya kumwachia mwanawe hata mlango. Kwa hiyo tusimcheke mtu anayefurahi kuwa na nyumba yake. Furaha hiyo ni ya haki kabisa. Nyumba yako ni mahali ambapo hakuna mkubwa wa kazi atakayekuja kukuambia utoke kwa sababu umezeeka.

Mwaka 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka, na nguvu za kampuni zikazidi kupungua. Mishahara ikakawia miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanya kazi zaidi ya 10,000 walianza kuondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Katika miaka hiyo ya shida nyumba nyingi za kampuni zilikuja kuwa mali ya wale waliokaa ndani yake. Yule baba na mama mkubwa akaenda zake. Ufunguo ukabaki mezani.

Tuwaze sasa jamaa moja ya Kapata, kama zilivyo nyingi. Baba alikuwa fundi wa umeme mgodini, mama anauza unga na kapenta sokoni, watoto ni watano. Siku ya kupata karatasi ya nyumba walichinja kuku, wakala na majirani bukari na sombe. Kisha ikaja mvua ya Novemba, na bati likavuja juu ya kitanda. Baba akamtazama mama, mama akamtazama baba: ataitwa nani? Hakuna wa kuitwa. Baba akapanda juu na lami na kipande cha tairi. Akashuka na suruali iliyopasuka, na bati sasa linavuja mahali pawili badala ya pamoja. Mwezi uliofuata choo kilijaa. Baadaye watoto walipiga mpira, kioo cha dirisha kikavunjika, na bei ya kioo ikala unga wa juma zima. Ndipo mama akasema: "Kumbe nyumba nayo ni mtoto. Inataka kula kila siku."

Mama huyo amesema neno kubwa. Zamani uzembe wa mtu ulifunikwa na kampuni. Sasa unaonekana juu ya kitanda chake. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi hilo ndilo fundisho la kwanza: kuwa na nyumba ni kupokea kazi isiyokwisha. Mtu anayesema "ni yangu", halafu haitunzi, ni kama baba anayejisifu kwa idadi ya watoto wake asijue kama wamekula.

Lakini kazi hiyo inakoma wapi? Inakoma kwenye ua? Hapa ndipo neno letu la kwanza linapoharibika.

Tuanze na sheria. Tangu sheria iitwayo Bakajika ya mwaka 1966, na tena sheria ya ardhi ya mwaka 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya serikali. Raia anaweza kupewa haki ya daima ya kuitumia, na nyumba aliyoijenga au kuinunua ni yake. Madini yaliyo chini ya sakafu yake, sheria ya migodi ya mwaka 2002 yasema pia kwamba ni ya serikali. Kwa hiyo hata mbele ya hakimu neno "lupango ni langu, nifanye nipendavyo" halisimami sawasawa. Lakini sheria pekee haitoshi. Mtu huweza kuikwepa sheria usiku; dhamiri anaamka nayo asubuhi.

Tutazame yaliyotokea Kasulo, mtaa mmoja wa Kolwezi. Mwaka 2014 mtu mmoja alichimba kisima katika lupango lake, akakuta mawe ya kobalti. Habari ikaenea upesi. Wengine wakachimba uani, wengine wakatoboa sakafu ya chumba chao cha kulala. Mashimo yakashuka, kisha yakageuka kuwa njia za chini, zikafuata mawe mahali po pote yalipokwenda. Na mawe hayajui ua. Njia iliyoanzia chini ya kitanda cha huyu ikapita chini ya jiko la yule. Kuta zikapasuka, watu wakafukiwa na udongo. Mwaka 2017 wakuu wa jimbo la Lualaba waliamua jamaa nyingi zihamishwe kutoka sehemu ya mtaa ule, pakazungushiwa ukuta na kufanywa mahali pa kuchimba. Jamaa hizo zilipewa fidia, na nyumba zao zikaondoka.

Sasa tumsikilize mchimbaji, maana naye ana neno, tena neno zito. Anasema: "Wakubwa wanachimba kwa mashine, wanachukua mlima mzima. Mimi nachimba kwa sepeto ili mtoto wangu asome. Mbona mimi tu ndiye ninayehubiriwa?" Tusimjibu upesi. Njaa yake ni ya kweli. Jimbo lake linatoa madini ya kutengenezea betri za simu na magari duniani kote, naye hana taa nyumbani. Anayemlaumu bila kuiona hali hiyo hamtendei haki.

Walakini kuna majibu mawili. Kwanza, ukuta unaopasuka si wa huyo mkubwa. Ni wa mama jirani, aliyekopesha chumvi jana. Dhuluma aliyotendewa mtu na mwenye nguvu haimpi ruhusa ya kumtendea aliye dhaifu kama yeye. Pili, jibu hilohilo linamhusu mkubwa naye. Mwenye leseni ya kuchimba akisema "karatasi ninayo, nifanye nipendavyo", huku vumbi na maji machafu yake yanaingia katika nyumba za watu, kosa lake ni lilelile, ila shimo lake ni kubwa zaidi. Karatasi inampa mtu haki ya kuchimba. Haimwondoi katika ujirani.

Labda mtu atasema: "Mashauri hayo ni ya maskini waliosongamana. Matajiri wenye nyumba zao hawana haja ya jirani." Je, ni kweli? Twende mbali kidogo, mpaka Norwei, nchi ya baridi kaskazini ya Ulaya, nayo ni tajiri sana. Huko karibu watu wanane katika kumi wanakaa katika nyumba iliyo mali ya jamaa yao. Kama neno la "nifanye nipendavyo" lingekuwa kweli, tungelitegemea kulisikia huko kuliko po pote. Lakini wao wana desturi ya zamani iitwayo dugnad. Theluji ikiisha kuyeyuka, majirani hupanga siku, hutoka wote na mafagio, reki na rangi. Wanafagia njia, wanapaka ua rangi, wanatengeneza mahali pa watoto pa kuchezea. Hakuna mshahara. Wakimaliza wanakunywa kahawa na kula pamoja. Mwaka 2004 watu wa nchi hiyo walilichagua neno hilo kuwa neno la taifa lao. Asiyetoka, kwa kawaida hapelekwi kwa hakimu. Lakini majirani wamemwona, na hilo humtosha.

Tena wana desturi nyingine. Siku ya Jumapili jamaa hufunga mkate na kahawa, wakaenda kutembea msituni au milimani, baba, mama na watoto, hata kukiwa na baridi. Wanapita katika ardhi ya nani? Mara nyingi ni ardhi ya mtu. Sheria yao ya mwaka 1957 iliitia nguvu desturi ya kale: kila mtu anaweza kupita kwa miguu katika ardhi isiyolimwa, iwe ya nani, maadamu haharibu kitu wala hasumbui mtu. Mwenye msitu ni mwenye msitu kweli. Lakini hawezi kumnyima mtoto wa mwingine njia. Na mafuta waliyoyapata chini ya bahari, kwa sheria ya mwaka 1990 waliyawekea hazina, ili faida yake isiliwe yote na kizazi kimoja.

Sisemi kwamba watu hao ni malaika, wala kwamba sisi twende shule kwao kana kwamba hatukuwa na kitu. Hasha! Babu zetu walijengeana nyumba kwa kuitana: leo kwako, kesho kwangu, na mwenye nyumba akapika. Baadaye, zamani za Mobutu, ikaja salongo, kazi ya pamoja kwa amri, na wengi wakaichukia. Kazi ileile ya kufagia mfereji huwa mzigo mtu akisukumwa, huwa heshima akiitoa mwenyewe. Tulichopoteza ni ule mwito wa jirani kwa jirani. Nguvu ya mikono bado tunayo.

Na sasa tufike kwenye kosa la pili, ndugu wa lile la kwanza. Kosa la kwanza linasema: "Ni yangu, nifanye nipendavyo." La pili linasema: "Si yangu, hainihusu." Mfereji ni wa barabara, hainihusu. Barabara ni ya serikali, hainihusu. Karibu na Kapata liko ziwa Malo. Kwa miaka mingi wanawake kwa watoto wameosha mawe ya madini katika maji yake. Lupango lilichimbwa kwa sababu lina mwenyewe. Ziwa liliachwa kwa sababu halina mwenyewe. Makosa hayo mawili yanatoka katika moyo mmoja, nao ni moyo unaopima kila kitu kwa ua wake.

Kwa hiyo ile jamaa yetu, siku wanapotaka kuwapeleka watoto mahali pa maji, haiendi Malo. Wanachanga nauli, wanapanda gari asubuhi pamoja na sufuria, mkeka na nyanya mzaa mama, wanakwenda kaskazini mpaka ziwa la Nzilo, pale mto Lualaba ulipozuiwa kwa bwawa katika miaka ya 1950. Njiani gari linaharibika, mtoto mmoja anatapika, nyanya anauliza kama sufuria imesahauliwa. Wakifika, wanakula samaki, watoto wanatupa mawe majini. Ni safari ya siku moja tu, na jioni wamechoka kabisa. Lakini mtoto mdogo anauliza: "Baba, maji haya ni ya nani?" Baba akisema "ni ya serikali", mtoto atatupa taka zake hapo. Akisema "ni yetu", mtoto ataiokota chupa yake. Akiisha kuiokota huko Nzilo, ataiokota na mbele ya mlango wa jirani.

Basi, wasomaji wapenzi, turudi kwenye swali letu. Je, mwenye nyumba afanye apendavyo? Ndiyo, katika mambo yasiyovuka ukuta wake: apake rangi aitakayo, apande mwembe au mparachichi, alale saa aipendayo. Lakini jambo linalovuka ukuta, likiwa shimo, moshi, maji machafu au kelele za usiku, hilo si lake peke yake, ajapokuwa na karatasi kumi. Na liko jambo la kupimia, rahisi kwa kila mtu. Kabla ya kufanya kitu katika lupango lako, jiulize: kama jirani yangu angefanya vilevile kwake, ningelala usingizi? Kama jibu ni hapana, weka sepeto chini, umwite jirani mzungumze.

Jumamosi inayokuja, mvua haijaanza, chukua fagio uanze na mfereji wa mbele ya mlango wako, kisha uendelee hatua tano upande wa jirani. Usimwite. Atatoka mwenyewe kuuliza kuna nini.