Nchi Isiyolimwa Si Nchi Isiyo na Mwenyewe

Wako watu wadhanio kwamba nchi isiyopitiwa na jembe haina mwenyewe. Fikira hiyo ni ya zamani, nayo imewatoa wengi katika makao yao. Yafaa tuipime.

Tutazame bonde la Yaeda Chini, wilayani Mbulu. Kwa desturi yao Wahadza wa huko hawalimi wala hawafugi. Huwinda, huchimba mizizi, huchuma matunda na kurina asali. Mgeni apitaye huona pori tupu. Mhadza huona ghala yake: mbuyu huu una nyuki, kilima kile kina matunda. Kwa miaka mingi wakulima na wafugaji waliingia humo, kila mmoja akisema, “Hapana mtu.”

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ilitamka kwamba haki ya kimila ina nguvu sawa na haki itolewayo na Serikali. Kwa sheria hiyo, mwaka 2011, Wahadza wa bonde hilo walipata hati ya kimila juu ya hekta zaidi ya 20,000. Si ya mtu mmoja mmoja, bali ya jumuiya nzima. Ndipo mpango wa matumizi ya ardhi ulipopata maana. Pori la kurina asali likahesabiwa kuwa matumizi, kama shamba na malisho.

Basi, twauliza: lipi litangulie, ramani au haki? Twasema haki. Kuigawa ardhi kabla ya kumtambua mwenyewe ni kunyang’anya kwa kalamu.

Lakini je, jirani mwenye watoto wengi na shamba dogo hana haki? Anayo. Dhiki yake ni ya kweli, wala hatuidharau. Walakini dhiki ni sababu ya kwenda kuzungumza na mwenye ardhi, si ruhusa ya kumhamisha. Naye mwenye hati asijione mfalme: ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake tu.

Tena, hati iliyofungiwa kabatini haizuii jembe. Hulindwa na majirani wanaoiheshimu. Kwa hiyo twawasihi viongozi wa vijiji: kabla ya kutia rangi ramani, waketi na wale ambao alama zao hazionekani juu ya ardhi, wawasikilize kwanza.